Nyumbani na Kazini: Upau wa Zana Haupotei, Hufichika

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi. Habari hiyo tunaiweka kando kidogo kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka kwa mama mmoja, mke wa askari polisi, ambaye ni katibu wa kikundi cha akina mama washonaji katika kambi yao. Kikundi hicho hushona sare za shule na mashuka, nacho kina tovuti yake, ambamo wateja huona picha na bei na kupata namba ya simu ya kuagizia. Katibu huyo ndiye aliyeitengeneza tovuti hiyo, kwa programu iitwayo Dreamweaver, katika kompyuta kuukuu ambayo kikundi kilipewa.

"Nilikuwa nikibadilisha bei za sare," anaandika, "siku nne kabla ya shule kufunguliwa. Mara zile alama zote za pembeni na za chini zikatoweka, ukabaki ukurasa mtupu kama nyumba iliyohamwa. Nilibonyeza hiki na kile, hazikurudi. Fundi aliyeletwa alisema programu imekufa, akaichukua kompyuta kwake kwa siku mbili. Nilimlipa shilingi elfu themanini kutoka katika akiba ya karo, na bei mpya hazikuonekana mpaka shule zilipokwisha kufunguliwa. Baba watoto sijamwambia hadi leo. Mheshimiwa Mhariri, nilikosea wapi, na nifanye nini ili jambo hili lisinipate tena?"

Dada yetu, tumeisoma barua yako mara mbili, na jibu tumelipata katika maneno yako mwenyewe: ulikuwa ukiandika bei. Mtu aandikaye bei huandika tarakimu, na tarakimu zimo katika safu ya juu ya kibodi. Juu yake kidogo tu, karibu kabisa na tarakimu ya 4 na ya 5, pana kitufe cha F4. Katika Dreamweaver, kitufe cha F4 kina kazi moja: huficha paneli zote za zana kwa mpigo mmoja, ili mtengenezaji auone ukurasa wake bila ya kizuizi. Ukikibonyeza tena, zote hurudi mahali pake. Yaelekea kidole chako kiliteleza, basi. Programu haikufa wala haikuugua. Dawa yake ilikuwa ni kubonyeza mara moja kitufe kile kile, kazi isiyomaliza hata muda wa kupiga chafya.

Hatusemi kwamba fundi yule alikuwa mlaghai. Inawezekana naye hakujua, na wako mafundi wengi ambao dawa yao ya kila ugonjwa wa kompyuta ni kufuta programu yote na kuiweka upya. Lakini kuanzia leo, fundi akikuambia kwamba kitu kimekufa, mwambie akuonyeshe mahali kilipofia, hapo hapo mezani pako, kabla kompyuta haijatoka nje ya mlango.

Sasa tuieleze habari yenyewe tangu msingi, maana barua hii si ya kwanza. Sajenti mmoja wa kikosi cha mawasiliano naye alikwisha kutulalamikia kwamba kila akirudi kutoka zamu huikuta programu yake "imepangwa kinyume", kwa kuwa mkewe na mwanawe wa kidato cha tatu huitumia kompyuta hiyo hiyo.

Upau ni neno la wajenzi. Ni ule mti mwembamba unaofungwa kukingama juu ya paa ili nyasi au makuti yapate pa kushikilia. Waliotafsiri maneno ya kompyuta wameliazima neno hilo kwa ule ukanda mwembamba unaokingama juu au pembeni mwa kioo, wenye alama ndogo ndogo, kila alama ikiwa na kazi yake: hii huweka picha, hii huweka jedwali, hii huunganisha ukurasa na ukurasa mwingine, hii hukoleza maandishi. Huo ndio upau wa zana. Paneli ni ndugu yake mpana zaidi, wa umbo la kisanduku. Zana zenyewe haziishi ndani ya upau, na hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Upau ni ukuta wa misumari tu, ambao juu yake zana hutundikwa ili zisiwe mbali na mkono. Ukiuficha, zana zote zimo bado ndani ya programu, na karibu kila moja huweza kupatikana kwa kupitia menyu zilizo juu kabisa.

Kuna msomaji atakayeuliza kwa nini tuhangaike na upangaji wa vidude hivi. Jibu la swali hilo wanajeshi wanalo zamani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la anga la Marekani lilikuwa na tatizo la ajabu. Marubani wake, watu wazoefu waliokwisha kurudi salama kutoka vitani, walikuwa wakitua vizuri kabisa, kisha ndege ikiwa tayari chini huyakunja magurudumu yake, na ndege ikalala kwa tumbo juu ya uwanja. Wakubwa walisema ni uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia mmoja kijana, Alphonse Chapanis, aliingia ndani ya ndege hizo, zile za aina ya B-17 zikiwa miongoni mwazo, akatazama. Akaona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vile vibawa vinavyosaidia ndege kutua zilikuwa zimewekwa bega kwa bega, nazo zikifanana kama mapacha. Mkono uliochoka uliitafuta moja ukaikamata nyingine. Hakuagiza marubani waadhibiwe. Alibandika kipande cha mpira chenye umbo la gurudumu kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye ile ya vibawa, ili mkono utambue bila ya macho. Hadi leo kanuni za Marekani kwa ndege kubwa za abiria zinataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu.

Mwaka 1947, Paul Fitts na mwenzake Jones, nao wakilifanyia kazi jeshi hilo hilo, walichambua visa 460 vilivyokuwa vikiitwa makosa ya rubani katika kushika vyombo vya ndege. Sehemu kubwa ya visa hivyo ilitokana na kukamata chombo kisicho chenyewe. Fitts huyo huyo mwaka 1954 alitoa kanuni ambayo watengenezaji wa programu za kompyuta wanaifuata mpaka sasa: muda wa mkono kufikia kitu hutegemea umbali wa kitu hicho na ukubwa wake. Kilicho karibu na kikubwa hufikiwa upesi. Kilicho mbali na kidogo huchelewesha na kukosesha.

Turudi basi kwenye meza ya katibu wetu. Kazi yake ya kila juma ni nini? Kwa mujibu wa barua yake, hubadilisha bei, ambazo zimo katika jedwali. Huweka picha mpya za nguo. Huandika vichwa vya habari kama vile "Sare za Wavulana" na "Mashuka". Na mara moja moja hurekebisha kiungo cha namba ya simu. Kazi ni nne. Lakini paneli ya kuingizia vitu katika Dreamweaver ina makumi ya alama, za fomu, za video na za mambo mengine ambayo kikundi cha washonaji hakitayahitaji. Mpishi hawezi kutandaza masufuria yote ya harusi jikoni kila anapochemsha chai.

Ndani ya paneli hiyo, iitwayo Insert, kuna fungu la zana pendwa, na jina lake kwenye kioo ni Favorites. Hapo mwanzo fungu hilo huwa tupu. Libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kulirekebisha, nawe utaoneshwa orodha ya zana zote. Utachukua picha, jedwali na kiungo, na kuziacha nyingine zote zilale. Zipange kwa kufuata mwendo wa kazi yako: kinachotumiwa mara nyingi kiwe juu, na vitu viwili ambavyo ni rahisi kuvichanganya visikae jirani. Siku utakapohitaji zana ya nne, utaiongeza.

Baada ya hapo ziweke paneli mahali pake. Shika kichwa cha paneli kwa kipanya, uiburute. Ukifika mahali inapoweza kupachikwa, utaona mstari wa buluu. Ukiachia hapo, paneli hunasa. Ukiachia pasipo na mstari, hubaki ikielea juu ya ukurasa kama jani juu ya maji, na huo ndio mwanzo wa vurugu, kwa sababu paneli inayoelea huja ikafunika kazi. Sisi tunapendekeza paneli ya kuingizia vitu ikae upande wa kulia, na ile ya sifa, iitwayo Properties, ikae chini. Kama hii ya sifa haionekani, bonyeza Ctrl pamoja na F3. Kwa ile ya kuingizia ni Ctrl pamoja na F2. Pembeni kabisa mwa kioo ni mahali pazuri kwa sababu nyingine pia: mshale wa kipanya hauwezi kupita ukingo wa kioo, hivyo mkono hauna haja ya kulenga kwa shabaha ya mdunguaji.

Ukimaliza kupanga, usiishie hapo. Nenda kwenye menyu ya Window, kisha Workspace Layout, uchague kuunda mpango mpya, na uupe jina. Katibu auite "Washonaji". Tangu siku hiyo, yeyote atakayevuruga paneli, awe mtoto au jirani, programu inaweza kurudishwa kama ulivyoiacha: menyu ile ile, Workspace Layout, halafu Reset. Na hapa ndipo lilipo jibu la afande wetu wa mawasiliano. Hakuna haja ya kugombana na mama watoto juu ya kompyuta. Kila mtu wa nyumba hiyo na awe na mpango wake wenye jina lake. Afande anayependa kuandika kwa msimbo atakuwa na kioo kitupu chenye maandishi tu. Kijana atakuwa na picha zake kubwa. Mama atakuwa na zana zake tatu. Kila akaaye mbele ya kompyuta huchagua jina lake kwanza. Hata bunduki ya kikosi hukabidhiwa kwa namba.

Walio na programu ya zamani ya FrontPage wametuuliza kama maelezo haya yanawahusu. Kupanga kwake ni rahisi: nenda kwenye menyu ya View, kisha Toolbars, utaona orodha ya pau zote, na zile zenye alama ya vema ndizo zilizo wazi. Upau hushikwa kwa zile nukta zilizo kwenye ncha yake ya kushoto, ukaburutwa. Lakini tuseme wazi kwamba Microsoft iliachana na FrontPage mwaka 2006. Mwenye tovuti ndani yake na aitunze wakati akijiandaa kuhama. Anayeanza kujifunza asianzie hapo.

Wengi wenu, tunavyojua, hamtumii Dreamweaver wala FrontPage, bali WordPress, ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari na haina gharama ya kununua. Humo kuna kichekesho kidogo cha jikoni. Kwa miaka mingi upau wa WordPress ulikuwa na safu mbili, na ile ya pili ilifichwa. Alama ya kuifunulia iliitwa sinki la jikoni, kwa kuwa Waingereza, wakimsema mtu aliyebeba kila kitu safarini, husema amebakiza sinki la jikoni tu. Watu walitumia WordPress miaka mitatu au minne bila ya kujua kwamba safu ya pili ipo! Walioendelea kutumia mhariri huyo wa zamani watapata safu hiyo kwa kubonyeza Shift, Alt na Z kwa pamoja.

Desemba 2018 lilitoka toleo la 5.0, na mpango wote ukabadilika. Ukurasa sasa hujengwa kwa matofali: aya ni tofali, picha ni tofali, kichwa cha habari ni tofali. Kila tofali lina upau wake mdogo, unaojitokeza juu yake unapoligusa na kutoweka unapoliacha. Tunakiri kwamba mpango huu hatukuupenda. Upau unaohamahama huufanya mkono utafute kila mara, na hilo ndilo Fitts alilotuonya. Dawa ipo. Katika kona ya juu kulia kuna nukta tatu zilizopangwa wima. Zibofye, kisha chagua Top toolbar. Kuanzia hapo upau wa kila tofali utakuwa juu ya kioo, mahali pamoja, bila ya kuhama. Mtumiaji wa kompyuta ndogo ya mapajani ataona kioo chake kimepata nafasi na macho yake yamepata utulivu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni zito kuliko upau uliofichika. Katika pau hizi kuna alama ya kukoleza maandishi, herufi B nene, na karibu yake kuna orodha ya kuchagua kichwa cha habari. Mtu anayetaka kuandika "Bei za Sare" hukamata ile B, akakuza herufi, akaridhika, maana kwa macho imefanana na kichwa cha habari. Swichi mbili za mapacha tena! Ila safari hii anayeumia hayuko ndani ya ndege.

Katika kambi zetu na katika vijiji walikostaafia wazee wetu, wamo waliopoteza macho, wengine kwa mabomu ya ardhini, wengine kwa maradhi ya uzeeni. Wapo miongoni mwao wanaotumia kompyuta, kwa programu inayowasomea kioo kwa sauti. Moja ya programu hizo, NVDA, ni ya bure kabisa. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia ambaye yeye mwenyewe haoni. Anayeitumia hasikilizi ukurasa wote neno kwa neno. Hubonyeza herufi H, na programu humrukisha kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, kama vile sisi tunavyopitisha jicho juu ya gazeti. Lakini hukitambua kichwa kile tu kilichowekwa kwa zana ya vichwa. Maandishi yaliyokolezwa kwa B, hata yawe makubwa namna gani, kwake si kitu. Hubonyeza H na kuambiwa hakuna kichwa. Mjukuu wake anahitaji sare, naye ataondoka kwenye tovuti ya washonaji asijue kwamba bei zimo.

Basi, dada katibu, katika paneli ya sifa kuna orodha iitwayo Format. Humo utachagua kichwa cha daraja la kwanza kwa jina la kikundi, na cha daraja la pili kwa kila aina ya nguo. Watumiaji wa WordPress waandike alama mbili za reli, ##, mwanzoni mwa mstari mpya, kisha nafasi moja, na tofali la kichwa litatokea lenyewe bila ya kuutafuta upau. Ile B iacheni kwa neno moja moja ndani ya sentensi. Pitia pia kurasa zako za zamani ukizirekebisha. Kwa tovuti ya kurasa tano ni kazi ya jioni moja, watoto wakiisha kulala.

Na kwa msomaji ambaye mkono wake uliumia na kipanya kinamshinda, ajue kwamba katika WordPress akibonyeza Alt pamoja na F10 ataingia kwenye upau, halafu mishale ya kibodi itamtembeza kutoka alama hadi alama, na Enter itamfanyia kazi ya kubofya.

Mtu mmoja alituuliza zamani kidogo kuhusu pau zinazojileta zenyewe ndani ya kivinjari baada ya kupakua programu ya bure. Hizo ni mgeni mwingine kabisa. Nyingi zilitengenezwa ili kukuonyesha matangazo au kugeuza mahali unapotafutia habari. Hazina kazi yoyote katika kutengeneza tovuti, ziondoe.

Dada yetu, chukua kipande cha karatasi, uandike juu yake: F4 huficha na kurudisha, Ctrl na F2, paneli ya kuingizia, Ctrl na F3, paneli ya sifa, Window, Workspace Layout, Reset. Kibandike ubavuni mwa kioo, mahali ambapo katibu atakayekufuata naye atakiona. Na habari ya zile elfu themanini, mwambie baba watoto jioni hii akiwa amekwisha kula. Mwonyeshe F4 kwanza, abonyeze mwenyewe aone paneli zikienda na kurudi, ndipo umweleze iliyobaki.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye mboga: namna ya kukausha kunde na sukumawiki kivulini bila ya kuzipotezea rangi.